Maua ya njano yameingia porini kwetu njia ya Kipushi. Ni mmea gani, na unaondokaje?

mama_kikanda

Jambo yenu wote. Naleta shida ya pori, si ya bustani, ingawa ilianzia bustanini kwa mtu.

Tuko na kipande cha pori njia ya Kipushi, nje ya Lubumbashi, alituachia marehemu baba mkwe. Hakijalimwa hata siku moja. Juu ni miombo, katikati kuna kichuguu kikubwa kirefu kuliko nyumba, na upande wa chini ardhi inateremka mpaka kwenye dembo ambako maji hutuama wakati wa mvua. Demboni ndiko mama mkwe anakochimba viazi vya kupikia kikanda, kitoweo chetu cha viazi hivyo na karanga, na chini ya miti ndiko tunakookota uyoga mvua zikishika. Mtu wa Lubumbashi ukimwambia habari za hekta za mahindi atakusikiliza. Mwambie uyoga umetoka, atatafuta viatu.

Sasa upande wa barabara kuna jirani alinunua kiwanja, akapanda uzio wa maua ya njano, akaanza nyumba, nyumba ikaishia kwenye madirisha, mwenyewe hatumwoni tena. Uzio ukabaki peke yake. Baadaye wachoma makala, yaani makaa ya miti, wakaingia pembeni kwetu usiku, wakaangusha miti mizuri. Pale palipoachwa wazi ndipo maua yalipopita. Leo ni ukuta kutoka barabarani mpaka karibu na kichuguu, na kwa kuwa mvua zimekatika yote yamechanua kwa pamoja. Watu wanasimamisha gari kupiga picha. Mimi nikiinama kuingia ndani naona udongo mtupu na majani makavu, hakuna nyasi, hakuna mche wa mti wowote.

Nieleze ulivyo. Shina linanizidi urefu mara mbili, la chini limekuwa mti kabisa. Jani lina vidole, mengine vitatu mengine vitano, na chini yake lina vinyweleo. Ukilisugua linanuka, na ukijisahau ukagusa mdomo, uchungu wake hautoki mpaka uoshe kwa sabuni. Ua lake ni kama alizeti ndogo, upana wa kiganja changu.

Shemeji anasema hilo ni ua la kwetu, liko kila pori, tuliache. Tena shemeji huyohuyo anasema kama linanikera basi tulichome moto mwezi wa tisa likikauka. Sioni vipi maneno hayo mawili yanakaa kichwa kimoja. Niko na vijana wawili wenye mapanga, sina trekta. Nianzie wapi?

mwana_katuba

Mama, hiyo unayoiita shida wengine tunaitafuta kwa baiskeli. Ni mbolea hiyo. Sisi wa bustani za mtoni tunakata majani, tunayakatakata, tunayaloweka kwenye pipa wiki mbili hivi mpaka yanuke vibaya, tunachanganya na maji, tunamwagia lengalenga na ngai-ngai. Mboga zinakuwa nyeusi kwa ubichi. Mbolea ya mfuko imepanda bei mpaka mtu anaipima kwa kikombe. Usichome, usitupe. Niambie kituo gani cha basi, nakuja na magunia.

mtunza_kitalu_kasapa

Mama, nimekaa kwenye miche na miti maisha yangu yote ya kazi, nikuombe uvumilivu maana jibu si la mistari miwili.

Kwanza tuhakikishe ni wenyewe, kwa sababu shemeji wako hajakosea kila kitu. Porini kwetu kuna maua ya njano ya asili, hasa Aspilia, na vijana wenye mapanga hawachagui. Vunja ua moja pamoja na kikonyo chake. Huu mmea wa uzio, kikonyo kinavimba kadiri kinavyokaribia ua, na ukikipasua kwa kucha hapo juu utakuta ndani ni wazi, hakuna nyama. Aspilia haina hicho. Halafu tazama majani yanavyokaa kwenye shina: ya Aspilia yanatazamana mawili mawili, hayana vidole, yanakwaruza, na mmea wenyewe kwa kawaida haukupiti kiuno. Wa kwako majani yanapishana, moja huku moja kule, yana vidole, na shina linapanda mita mbili, tatu, hata zaidi. Kwa maelezo yako sina shaka: ni alizeti-pori, kwa jina la wataalamu Tithonia diversifolia. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ilisambazwa duniani kwa uzuri wake, ikapandwa kwenye bustani na nyua, kisha ikajifungulia mlango. Afrika Kusini sheria haimruhusu mtu kuiuza wala kuipanda, na aliye nayo shambani anatakiwa kuidhibiti. Huku kwetu bado tunaisimamishia gari.

Sasa kwa nini imeingia kwako na haikuingia kwenye miombo iliyosimama? Mwanga. Mbegu zake ni nyepesi, zinakwenda na upepo, na maji ya mtaro, na udongo ulioganda kwenye tairi. Lakini zikianguka kwenye kivuli kizuri hazifiki mbali. Wachoma makala ndio waliowasha taa. Kwa hiyo kazi yako ina pande mbili: kuondoa mmea, na kurudisha kivuli. Ukifanya ya kwanza peke yake utaifanya kila mwaka mpaka wajukuu.

Habari njema ni kwamba miti ya miombo haifi kirahisi. Muputu, mutondo, hata masuku, ikikatwa huchipua kwenye kisiki na kwenye mizizi. Nenda sasa hivi, piga magoti ndani ya huo ukuta, tafuta visiki walivyoacha wale watu wa makala. Nakuhakikishia utakuta vichipukizi vyembamba, vimepauka kwa kukosa jua, vingine urefu wa goti tu. Hao ndio wafanyakazi wako wa kweli. Funga kila kimoja kitambaa cha kitenge cha rangi kali kabla kijana yeyote hajaingia na panga. Nimeona pori likisafishwa kwa bidii mpaka kila kilichokuwa kinataka kuota kikasafishwa nacho.

Kisha usianzie barabarani! Kila mtu anataka kuanzia kwenye ukuta mnene kwa sababu ndio unaomuudhi. Anzia nyuma, kwenye kichuguu na kule kwa chini, palipo na mmea mmoja mmoja kati ya miti mizima. Hapo ng'oa, sogea polepole ukielekea barabarani, na usifungue eneo jipya mpaka la nyuma limeanza kujifunika lenyewe. Si maarifa yangu. Dada wawili wa Sydney, Australia, Joan na Eileen Bradley, walisafisha hivyo mapori ya pembeni mwa mji wao kuanzia miaka ya 1960, kwa mikono na zana ndogo, wakiliachia pori nafasi liamue mwendo. Magugu yao mengine, miti yao mingine, lakini akili ya kazi ni ileile: toka palipo pazuri uende palipoharibika.

Majira. Sasa hivi imechanua, kwa hiyo jambo la haraka ni vichwa. Vile ambavyo petali zimeanza kunyauka, vikate na uvitie kwenye gunia, visitikiswe. Huwezi kumaliza ukuta mzima, najua. Maliza vilivyo karibu na kichuguu na vilivyo juu ya mteremko wa dembo, kwa sababu mvua ya kwanza itazisukuma mbegu huko. Kazi kubwa ni mwezi wa kumi na moja udongo ukilainika. Miche midogo inatoka kwa vidole pamoja na mzizi. Vile vigogo vilivyokuwa mti, panga halivitoshi: ukikata juu, kinachipua mashina mengi mahali pa moja. Chimba kwa jembe pembeni, ukate chini ya ule uvimbe mzizi unapokutana na shina, maana macho ya kuchipua yako hapo. Kisichochimbika leo, kikate na urudi kukikata tena kila kikifika gotini, mpaka kichoke. Na mashina mabichi usiyaache yamelala kwenye udongo wa mvua, achilia mbali demboni. Kipande cha shina kinatoa mizizi. Ndivyo jirani yako alivyopanda ule uzio, kwa vipande, bila mbegu.

Moto wa mwezi wa tisa, mwambie shemeji hapana. Mashina makavu yale yanawaka kwa ukali, na mwezi wa tisa ndipo miombo inapotoa majani mapya, yale mekundu. Utaviua vichipukizi vyako, halafu alizeti-pori itachipua kutoka chini kama hakuna kilichotokea. Hapo ng'ambo tu, Ndola ya Zambia, kuna viwanja vya majaribio ya moto vilivyoanzishwa miaka ya 1930: palipochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, miti iliisha pakabaki nyasi, palipochomwa mapema, mwanzoni mwa kiangazi, msitu ulisimama, palipokingwa kabisa pakafunga. Kama lazima uchome kitu, chimba shimo uchome yale magunia ya vichwa.

mrina_asali

Papa wa Kasapa, heshima yako, lakini sisi wenye mizinga tusikilizwe pia. Mwezi wa nne na wa tano nyuki wangu wanarudi na chavua ya njano tupu, na inatoka huko huko mnakotaka kufyeka. Mvua zikiisha maua ya porini yanapungua, hili linabaki. Mkilimaliza lote, nyuki wale nini? Mama, ukiacha mstari mmoja pembeni ya barabara hautakuumiza.

mtunza_kitalu_kasapa

Mrina, unalojua wewe kuhusu nyuki mimi silijui, lakini kuhusu miti nikujibu. Mutondo, yaani Julbernardia paniculata, unachanua majira hayohayo, mwezi wa nne kuendelea. Wenzako wa Zambia wana misimu miwili ya asali: ya mwishoni mwa kiangazi inatoka kwenye muputu na ndugu zake, na hii ya baada ya mvua inatoka kwenye mutondo. Miti hiyo ndiyo iliyokwenda kuwa makala. Nyuki wako wanakula alizeti-pori kwa sababu meza nyingine imeondolewa. Mstari wa barabarani ndio mbaya kuliko yote, kwa kuwa hapo ndipo greda linapopita likibeba udongo na mbegu mpaka kwa mtu wa mbele. Pia mama hawezi kuumaliza mwaka huu hata akitaka. Una miaka ya kutundika mizinga kwake, umwombe vizuri, na miti ikirudi ubaki hapohapo.

mwana_katuba

Na mbolea yangu je? Mnaongea kama sipo.

mtunza_kitalu_kasapa

Upo, na una haki. Waliopima magharibi mwa Kenya walikuta majani yake yakikaushwa yana nitrojeni karibu asilimia 3.5, fosforasi 0.37, potasiamu 4.1. Ni majani tajiri kweli, na wakulima wa kule wanayatumia. Ila kuna masharti mawili. Njoo kabla ya maua, mwezi wa kwanza na wa pili, wakati mashina ni laini na hayana mbegu. Na beba majani na ncha laini tu, usipeleke Katuba mashina magumu yakaanza kuota kwenye kingo za mto. Tena ukumbuke udongo haukopeshi bure. Unachokibeba kwa mama kwenda kwenye lengalenga yako kimetoka kwenye udongo wa mama. Kwa hiyo lipa kwa kazi: gunia moja la majani, kigogo kimoja umechimba.

mwana_katuba

Gunia kwa kigogo? Papa, wewe ulikuwa unafanya forodha Kasumbalesa, si miche. Vigogo viwili kwa magunia matatu.

mama_kikanda

Nimecheka mpaka mume wangu ameuliza kuna nini.

Nimekwenda jana na kisu. Kikonyo kimevimba na ndani ni wazi, kama Papa alivyosema, kwa hiyo huyo ndiye. Shemeji nilimpa apasue mwenyewe, akapasua vitatu, akanyamaza. Na visiki vipo. Nyuma ya kichuguu nimekuta kimoja cha mutondo kina vichipukizi vingi sana, vyembamba, na jani lake lilikuwa limelala chini ya uzito wa shina la hili dude lililoangukia juu yake. Nililisogeza kando nikafunga kitenge. Nimefunga vyote nilivyoviona upande ule, sasa pori linaonekana kama kuna harusi.

Nina mawili. La kwanza, kuna mtu ameniambia ninunue dawa ya kuua magugu, inauzwa sokoni kwenye chupa ndogo, nipulizie mara moja nimalize. Vijana wangu wameifurahia habari hiyo kuliko jembe, bila shaka. La pili, uyoga. Pale maua yalipoingia hauoti tena uyoga hata mmoja, na mama mkwe anasema ni huu mmea umetia sumu udongo. Ni kweli? Nikiuondoa, uyoga utarudi lini?

mbuzi_ishirini

Mama, usinunue dawa, nunua mbuzi. Wangu wanakula ncha zake changa bila shida.

mtunza_kitalu_kasapa

Mbuzi wanaila, ndiyo, lakini kwa sababu ya uchungu wanaanza na kitu kingine kilichopo. Na kitu kingine kilichopo kwa mama ni vichipukizi vya miombo. Wakishamaliza hivyo vyenye kitenge, na kitenge chenyewe, ndipo watakumbuka alizeti-pori. Kwenye uzio wa mtu mjini sina neno, peleka mbuzi. Porini hapana.

Dawa. Chupa ndogo ya sokoni isiyo na karatasi ya maelezo usiiguse, hujui ndani kuna nini wala kipimo chake. Ukipata ya dukani yenye maelezo kamili, glifosati kwa mfano, bado usipulizie: inaua kila jani la kijani inaloliangukia, na majani ya mutondo hayana cheti cha msamaha. Matumizi pekee ninayoyakubali porini ni kupaka kwa brashi kwenye kisiki cha alizeti-pori kilichokatwa dakika hiyohiyo, wakati bado kimelowa, siku isiyo na mvua, mkono una glavu. Kwenye kigogo kilichojibana kati ya mawe au mizizi ya mti mzuri, ambako jembe haliingii, inasaidia. Kuelekea dembo usitumie kabisa. Maji yale yana vyura, na viazi vya kikanda mnavila.

Uyoga. Mama mkwe ana sehemu ya ukweli. Huu mmea una kemikali kwenye majani, jamii ya tagitinini, na majaribio yameonyesha zinaweza kuzuia mbegu za mimea mingine zisiote. Lakini kwa uyoga sababu kubwa ni nyingine. Uyoga mwingi mnaookota chini ya miombo haujitegemei: nyuzi zake zimejifunga kwenye mizizi ya muputu, mutondo, masuku. Mti unaupa sukari, wenyewe unauletea mti maji na chakula cha udongoni. Mti ukikatwa, huo ushirika unakatika, iwe maua yamekuja au hayakuja. Wale watu wa makala walipoangusha miti waliondoka na uyoga wako kwenye gunia. Ule unaoota kwenye kichuguu ni mwingine, unalimwa na mchwa, ndio maana huo nadhani bado mnaupata.

Kwa hiyo usiniulize tarehe ya uyoga. Niulize ya visiki. Mizizi iliyo hai chini ya vile vichipukizi bado inaweza kuwa na nyuzi zake, na miti mizima iliyo nyuma ya kichuguu inazo hakika. Ndiyo sababu nyingine ya kutokea nyuma kwenda barabarani.

mama_kikanda

Wa kichuguu tunaupata, kweli. Ule mkubwa kama sahani.

Basi vijana nimewaambia hakuna dawa. Wiki hii tunakata vichwa upande wa dembo, magunia tunayo. Mama mkwe amesema na yeye anakuja kusimamia, kwa hiyo hakuna atakayepumzika. Mwana wa Katuba, njoo mwezi wa kwanza, ushuke pale kwenye mzani wa zamani, uliza pori lenye vitenge. Kwa vigogo viwili kwa magunia matatu nimekubali, ila jembe uje nalo.

mrina_asali

Na mizinga miwili nayo, mama? Nyuma ya kichuguu, kwenye mutondo uliobaki?

mama_kikanda

Miwili sawa. Lakini mbali na njia ya uyoga, mama mkwe anaogopa nyuki kuliko nyoka.